Bonde la Padre Alois Lililopikwa Jikoni

Nyinyi wasichana mnaobaki na jiko langu mliniambia niwaandikie kazi ilikuwa vipi. Kupika sitawafundisha kwa karatasi. Anayetaka kujua kama maziwa yamechacha anuse, asisome. Nitawaandikia kitu ambacho hamtakikuta kabatini: habari za bonde moja huko Ulaya, kwenye mpaka wa Austria na Italia, ambako sijawahi kukanyaga na sitakanyaga, kwa sababu miguu imechoka na baridi siipendi. Lakini bonde hilo nimeliona. Nimeliona mara nyingi kuliko Nairobi.

Nilianza mwanzo wa miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa ameaga dunia, nikatoka Bumula na watoto, tukaja kukaa Kamukuywa kwenye kipande cha shamba alichotuachia. Misheni ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, kama mnavyoijua: kanisa, zahanati, nyumba ya mapadre, na vile vyumba vichache vya wageni wanaokuja kupanda mlima. Miti ile ya mbele haikuwa imepandwa bado, kwa hivyo ukisimama kwenye dirisha la jikoni uliuona mlima Masaba wote, kutoka mguuni mpaka kichwani.

Jiko lilikuwa la Mzee Barasa. Alikuwa amepikia masetla wa Kizungu tangu kabla ya Uhuru na alikuwa na dharau ya mtu aliyeona wakubwa wakila na kuchafua mashati.

“Unajua kupika?” akaniuliza.

“Nimelea watoto, mzee.”

“Watoto wanakula chochote. Padre anasema asante halafu anaacha. Keti hapo, mayi, mama wa watoto. Leo kazi yako ni kusikiliza jiko.”

Nikaketi siku nzima kando ya lile jiko la chuma la kuni, mikono mapajani, kama mgonjwa. Nilidhani ananicheka. Jioni akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia kuni mbichi inalia, kuni kavu inanyamaza, na kuna wakati fulani katikati moto unapumua tu kama mtu aliyelala. Akasema, “Hapo ndipo unaingiza mkate.” Basi nikaajiriwa. Nyinyi mna gesi, haya hayawahusu, lakini hata gesi ina sauti yake kama mngezima hiyo redio.

Padre Alois ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba. Mrefu, mgongo umepinda kidogo, masikio makubwa. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, lakini alikisema kama mtu anayeshuka ngazi gizani, neno moja, anasimama, neno lingine. Juma zima hakuingia jikoni. Ila Jumapili mchana, misa zikiisha, alikunja mikono ya shati, akaja kupika madonge ya kwao.

Mnayajua, nimewafundisha. Mkate uliokauka unakatwa vidogo, unalowekwa kwa maziwa na mayai, kitunguu kilichokaangwa, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na dhania mahali pa jani la kwao ambalo hapa halipatikani. Unafinyanga, unatia katika maji yanayotetemeka. Nimesema yanayotetemeka. Yakichemka kwa nguvu umeharibu. Ya Padre yaliharibika kila Jumapili. Yalipasuka, yakawa uji wenye vipande. Aliyala hivyo hivyo, akisema, “Karibu. Karibu kabisa.”

Mzee Barasa hakuvumilia. “Padre, mkate umeiva tayari. Unaupikia nini mara ya pili?”

“Kwetu hakuna mkate wa kutupa, Barasa.”

“Ah. Kumbe hata nyinyi ni maskini.”

“Maskini kabisa,” Padre akasema, na nikaona jambo hilo limemfurahisha.

Mvuke wa sufuria ulifunika dirisha, Masaba ikapotea, na hapo Padre alikuwa akianza kusema. Mimi nilikuwa namenya viazi, macho kwenye kile kioo cheupe, na sijui niwaambie vipi: milima yake ilikuja ikasimama pale. Si ya kijani kama wetu. Ni miamba mitupu, ya rangi ya jivu, imechongoka kama meno. Jua likitaka kuzama miamba ile inashika moto, inakuwa kama kaa lililopulizwa, kisha zambarau, kisha hakuna. Chini yake nyasi laini, na nyumba za mbao zimechomwa na jua mpaka zikawa nyeusi, na kila kijiji kina kanisa lenye mnara, juu ya mnara kuna kitu cha mviringo kama kitunguu. Bondeni kuna matofaa. Mistari na mistari ya matofaa, na yakichanua, ukisimama juu unadhani ukungu umelala. Juu ya mawe wamejenga majumba ya watawala wa zamani, mengine yameanguka, ndani kunguru tu. Wageni wanatoka mbali kuyatazama, na wanalipa.

“Wanalipa kuona nyumba imebomoka?” Mzee Barasa akasema. “Si waje Bungoma.”

Wakati wa joto ng'ombe wanapelekwa milimani, wanakaa huko na wachungaji. Baridi ikikaribia wanashushwa, na ng'ombe anayetangulia anavishwa taji la maua na kengele kubwa, kijiji kizima kinatoka kumpokea. Mzee Barasa akauliza, kama ng'ombe anavaa maua, bibi harusi anavaa nini. Lakini mimi hilo nililipenda. Nililala nalo. Niliota niko kwenye njia ile, beseni la nguo kichwani, ng'ombe wananipita mmoja mmoja, kengele zinalia polepole, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani na nimefuata nini. Ndoto hiyo ilinirudia miaka mingi. Ninaamka Kamukuywa, nasikia ng'ombe wa jirani, nabaki kidogo bila kujua niko upande gani.

Sasa, uzuri ule ulikuwa na mwiba. Padre aliutoa kidogo kidogo, kila Jumapili kipande.

Watu wa bonde lile walisema Kijerumani na mfalme wao alikaa kaskazini. Vita vikubwa vya kwanza vilipoisha, wakubwa wakachora mpaka upya juu ya milima. Watu wa bonde hawakuhama, mpaka ndio ulihama. Nyanya yake Padre alizaliwa nchi moja akafa nchi nyingine, na kitanda ni kile kile. Hilo halikutushangaza sana. Sisi tuna jamaa Uganda, tunavuka kule Suam kwenda kuzika, tunaonyesha kitambulisho ili tumlilie shangazi. Lakini kwao serikali mpya ilibadilisha majina ya vijiji. Watoto wakasomeshwa kwa lugha ngeni, lugha ya mama ikafichwa, wasichana wakawa wanaifundisha kwenye vyumba vya nyuma, mmoja dirishani anaangalia askari. Hata makaburini iliamriwa maandishi yawe ya lugha mpya.

Mzee Barasa alitema mate motoni. “Mpaka marehemu? Hapana, hapo walizidi.”

Kisha ikaja amri ya kuchagua. Kila mwenye nyumba aseme: unaondoka uende kaskazini kwa watu wa lugha yako, au unabaki na kukaa kimya. Kijiji kikagawanyika. Aliyechagua kuondoka aliitwa msaliti wa ardhi, aliyechagua kubaki aliitwa msaliti wa damu. Walitupiana mawe madirishani, watu waliobatizwa kwa maji mamoja. Baba yake Padre akachagua kuondoka. Binti mkubwa, Rosa, alikuwa ameposwa na kijana wa pale pale, akasema yeye habaki nyuma, yeye anabaki nyumbani. Baba akamwambia mbele ya watu kwamba hana binti. Padre alikuwa mtoto mdogo tu, aliondoka akiwa juu ya mizigo, akiangalia nyuma.

Huko kaskazini walikuta vita vya pili. Vilipoisha wakarudi, bila kitu. Shamba lilikuwa limeuzwa na ofisi ya serikali iliyoshika mali ya waliohama, na aliyelinunua ni mume wa Rosa. Rosa akaweka meza, akamkaribisha baba yake. Mzee akakataa kuingia. Aliketi kwenye benchi nje, mvua ikamnyeshea, kisha akaondoka na akafa katika chumba cha kupanga. Padre alikuwa kijana wakati huo. Akaapa hataonja chakula pamoja na dada yake. Baadaye akawa padre, akaja kwetu kuhubiri msamaha.

Siku alipotuambia hayo madonge yalipasuka kama kawaida, na hakuna aliyeyala. Alipotoka, Mzee Barasa akasema, “Mimi nilidhani ni hadithi ya Ulaya. Hiyo ni kesi ya shamba.”

Mzee Barasa alistaafu, jiko likawa langu. Miaka ilienda. Ikafika mwanzo wa miaka ya tisini, vita vya mashamba, mnavikumbuka, wengine mlikuwa wadogo. Tuliona moshi upande wa Saboti, mweupe na mwembamba, ukipanda kama wa watu wanaopika, mpaka unakumbuka hakuna anayepika saa hiyo kwa nyumba zote pamoja. Watu wakaja na magodoro. Wakalala kanisani, darasani, kwenye veranda ya zahanati. Nilipika uji kwa mapipa. Somo moja hapo: uji wa watu wengi unakorogwa na mtu mmoja mwenye hasira. Wakikoroga watatu wanaongea, unaungua.

Kati yao alikuwa Simiyu, na mke na watoto. Kaka yake, Wekesa, alibaki kule mlimani, kwa sababu mke wake alizaliwa upande wa wale waliokuwa wanachoma nyumba, nao wakawaacha wakae. Siku moja Wekesa akafika langoni na baiskeli, gunia la mahindi nyuma. Alikuwa amevuna shamba la Simiyu akamletea.

“Rudi nayo kwa hao watu wako,” Simiyu akasema.

“Ni yako, bana. Wewe ndiye ulipanda.”

“Nimesema rudi.”

Wekesa hakurudi nayo. Aliliweka gunia chini nje ya lango, akapanda baiskeli. Simiyu hakulichukua, na hakuna mwingine aliyethubutu. Mvua ikanyesha juu yake, likakaa pale mpaka mahindi yakaota ndani. Majani mabichi yalitokea kwenye matundu ya gunia, laini, yakapepea. Padre alipita hapo kila asubuhi kwenda misa. Siku moja alisimama sana, nikamfuata kumwambia chai inapoa.

“Mama Nekesa, yule kaka amekosa nini?”

“Amebaki, Padre.”

“Na huyu wa hapa?”

“Ameondoka.”

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikia sauti kwa mbali. Chai ilipoa. Jumapili hiyo hakupika, na zilizofuata hakupika. Hali ilipotulia kidogo na watu wakaanza kutawanyika, akaniambia nitayarishe chumba cha wageni chenye jua. Dada yake alikuwa anakuja.

Nilitegemea mwanamke mkubwa. Alishuka mama mwenye mwili mdogo, mzee kuliko mimi, sketi nyeusi, kitambaa kichwani, na mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Hakujua Kiswahili, hakujua Kiingereza. Padre alimsalimu kwa mkono, mkono umenyooka kama fimbo. Kisha chakula kikawekwa, na Padre akakumbuka mgonjwa wa kutembelewa. Kesho yake akakumbuka gurudumu la gari. Kila nikigonga kengele ya chakula, kulikuwa na Mkristo mahali fulani anakufa. Rosa alikula peke yake kwenye meza ile ndefu, akakunja kitambaa vizuri, akatazama mlima.

Baadaye akaja jikoni, akavaa aproni yangu bila kuuliza. Sipendi mtu aguse aproni yangu. Lakini aliona mkate mkavu kwenye ubao, akaanza kuukata, na nikamwacha. Alilowesha mikono kabla ya kufinyanga, akayabana madonge kwa nguvu, polepole, kisha akatia moja peke yake majini kwanza. Tukasimama wawili tunalitazama lile moja. Halikupasuka. Akanigonga na kiwiko, akacheka. Ndipo nikajua Padre alikosea wapi: alitazama haya yakipikwa akiwa mtoto, kutoka chini ya meza, hakuona mikono. Yalipoiva Rosa akayapanga kwenye bakuli, akaketi kumngoja kaka yake. Padre alituma neno kwamba amekula kwa masista.

Siku ya Rosa ya kurudi kwao ilikuwa imekaribia. Nilimwona akikunja nguo zake, na nikasema huyu akiondoka hivi, mmoja atamzika mwenzake akiwa na kiapo mdomoni, na hilo si jambo la kuchezea.

Mama yangu alinifundisha kwamba ndugu waliokataana chakula hawapatanishwi kwa meza ya mmoja wao. Ukiwa kwako unajiona umemsamehe, ukiwa kwake unajiona umeshindwa. Wanaitwa kwa mtu wa tatu. Nikamwendea Padre ofisini.

“Padre, Jumapili nyinyi wawili mtakula kwangu Kamukuywa.”

“Jumapili nina misa mbili, Mama Nekesa.”

“Misa zinaisha.”

“Na gari lina shida kidogo.”

“Nimemwuliza dereva. Halina.”

Akavua miwani. “Umenizunguka.”

“Kuku nimeshamfunga kamba, Padre.”

Alikuwa amekaa nasi vya kutosha. Alijua kuku akifungwa kwa ajili yako nawe usifike, umesema nyumba ile ni chafu. Akavaa miwani tena. “Nitakuja,” akasema, kama mtu aliyeitwa kortini.

Nilimwita na Mzee Barasa, kwa sababu nyumba yangu haina mwanaume na chakula kama hicho kinataka mzee. Akaja na koti, ametembea kwa bakora kutoka kwake, amefurahi, maana alijua firigisi itakuwa yake. Hilo nyinyi mnalijua: zamani kwetu mwanamke hakula kuku kabisa. Siku hizi tunakula, lakini firigisi ni ya mwenye mji au mzee wa heshima, na mtu anaweza kununa mwaka mzima akiikosa.

Nilitandika nje, upande wa kivuli cha nyumba. Ugali, mboga ya mrenda, kuku kwenye bakuli moja katikati, firigisi juu, imeelekea kwa Mzee Barasa. Mzee nilimpa sahani yake. Hao wawili niliwawekea sahani moja kubwa. Padre aliiona. Alinawa mikono, akasali, akaweka mikono mapajani na haikuinuka tena. Jogoo wa jirani alipita akatutazama, akaenda zake.

Rosa hakuweza kuvumilia ule ukimya. Alitaka kuanza, tuone chakula kinamfaa, na kwa adabu ya mgeni akatafuta kipande kidogo kuliko vyote. Akainyoosha mikono yake ya kukamua, akachukua firigisi, akaing'ata.

Mzee Barasa akabaki na vidole hewani. “Ati... Padre! Mwambie dada yako ameketi kwenye kiti changu!”

Padre akafunika uso. Niliona mabega yanatingishika, nikaogopa, kumbe anacheka. Akamweleza Rosa kwa lugha yao. Yule mama akawa mwekundu mpaka shingoni, nusu iliyobaki iko mkononi, akamnyooshea Mzee Barasa.

“La, la, mayi. Hiyo imeshapata mwenyewe.” Mzee akasafisha koo, akanitazama mimi kidogo, kisha akatazama pembeni. “Ila kwa desturi yetu, aliyeionja kwanza humlisha nusu yule aliyezaliwa nyuma yake. Ndiyo desturi. Mwambie hivyo, Padre.”

Desturi hiyo sijaisikia kabla ya siku ile wala baadaye. Nilikaza macho kwenye mrenda.

Padre alikuwa ndiye mkalimani. Hakuna mwingine wa kuyasema maneno yale. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeivuka meza. Kisha akayasema, taratibu, neno moja, anasimama, neno lingine, hata kwa lugha ya mama yake. Rosa hakuweka ile nusu kwenye sahani. Aliinua mkono mpaka mbele ya mdomo wa kaka yake.

Padre akafungua mdomo.

Firigisi ni ngumu, haimezwi haraka. Alitafuna, akatafuna, machozi yanashuka mashavuni, masikio yale makubwa yanacheza, nasi tunangoja. Alipomaliza akasema kitu. Rosa akapiga ukelele, akamchapa begani.

“Umemwambia nini?” Mzee Barasa akauliza.

“Kwamba inakosa chumvi.”

Haikukosa chumvi. Lakini nilinyamaza, na kwa jambo la chumvi mnajua mimi si mtu wa kunyamaza.

Wakala. Waliongea mpaka jua likashuka nyuma ya Masaba, wakati mwingine wote pamoja, wakati mwingine hakuna, Rosa akichora kitu mezani kwa kidole, Padre akikifuta na kukichora upya. Mzee Barasa alilala kwenye kiti, mdomo wazi. Nilipotoka kukusanya vyombo nikakuta Padre ameshika ile sahani upande mmoja, dada yake ameshika upande mwingine, kila mmoja anavuta, wanabishana kwa sauti kama watoto nani ataiosha.

Nikarudi ndani. Nikawaacha wagombane.